Shokapu za Mbele na Kona: Jinsi ya Kuiweka Sawa Pikipiki Yako

Dereva anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, zaidi ya kilomita 30 za kona juu ya kona, huijua pikipiki yake kwa namna ambayo dereva wa barabara iliyonyooka haijui. Pikipiki iliyokuwa tulivu huko chini, ikishapakia abiria na gunia, inagoma kuingia kona na kutaka kwenda upande wa bonde. Jioni ikishuka bila mzigo, kila breki inaposhikwa mbele inazama na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. Dereva hulaumu tairi au lami. Mara nyingi kinachosumbua ni urefu: mbele imekaa wapi ikilinganishwa na nyuma, na inapanda na kushuka kwa kasi gani.

Mwongozo huu ni wa pikipiki za kazi za cc 100 hadi 150, za jamii ya Bajaj Boxer na TVS HLX, zenye shokapu mbili za mbele zisizo na skrubu ya kurekebishia. Kwa kuwa skrubu haipo, watu huamini hakuna cha kurekebisha. Kipo, tena kingi. Utahitaji tepu ya kupimia, spana za kawaida, chombo cha kupimia oili na mtu wa kukushikia pikipiki.

Kwa nini mbele huamua kona

Itazame pikipiki ubavuni. Shokapu za mbele hazikusimama wima. Zimelala kuelekea nyuma, na kwenye pikipiki nyingi za barabarani mwinamo huo ni digrii 24 hadi 28 hivi. Sasa vuta kwa mawazo mstari unaopita katikati ya mhimili wa usukani hadi ardhini. Utagusa ardhi mbele kidogo ya mahali tairi linapokanyaga. Umbali kati ya sehemu hizo mbili, kwa kawaida milimita 80 hadi 110, nitauita mfuato, kwa sababu tairi linaufuata mhimili wake kama gurudumu dogo la kitanda cha hospitali linavyofuata kitanda kinaposukumwa.

Mfuato ukiwa mrefu, usukani hupenda kurudi katikati wenyewe. Pikipiki hutulia barabara ikinyooka, lakini kuigeuza kunataka nguvu. Ukiwa mfupi, pikipiki hugeuka upesi, na ukizidi kuwa mfupi hukosa utulivu na kutikisika.

Mwinamo na mfuato havibaki vilevile unapoendesha. Mbele ikishuka, vyote viwili hupungua; nyuma ikishuka, huongezeka. Kwenye pikipiki yenye umbali wa milimita 1,280 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kuishusha mbele kwa milimita 10 hupunguza mwinamo karibu nusu digrii na mfuato milimita 3 hivi. Namba ni ndogo, lakini dereva aliyeizoea pikipiki yake huhisi tofauti kwenye kona ya kwanza.

Geuza hesabu hiyo upande wa pili. Abiria na mzigo wakiizamisha nyuma milimita 40 zaidi ya mbele, mwinamo huongezeka karibu digrii 2. Hilo ni badiliko la mara nne ya lile ambalo fundi angekufanyia gereji kwa kuishusha mbele milimita 10. Wakati huohuo uzito umehamia nyuma, na tairi la mbele linakanyaga kwa wepesi kuliko kawaida. Kwa sababu hiyo pikipiki iliyopakia hutaka kutoka nje ya kona, na kwa sababu hiyo hiyo nasisitiza: dereva wa bodaboda anayelalamikia mbele aanze kuangalia nyuma.

Kuna mabadiliko mawili mengine yanayotokea ukiwa safarini. La kwanza ni breki. Ukishika breki ya mbele, uzito unakuja mbele, shokapu zinazama, mfuato unafupika na usukani unakuwa mwepesi. Ukiachia breki kwa ghafla katikati ya kona, mbele inaruka juu na pikipiki inapanua mstari wake. La pili ni kulala. Pikipiki ikilala digrii 30, uzito unaosukuma shokapu huongezeka kwa asilimia 15 hivi. Kwa hiyo shokapu iliyokwisha kuzama mno kabla ya kona haina nafasi iliyobaki ya kumeza shimo litakalotokea katikati ya kona.

Kazi ya springi na kazi ya oili

Springi hubeba uzito. Oili huizuia springi isichezecheze. BMW R12 ya mwaka 1935 ndiyo pikipiki ya kwanza kuzalishwa kwa ajili ya soko ikiwa na shokapu za mbele za bomba zinazotulizwa kwa oili, na kanuni hiyo bado imo ndani ya pikipiki yako: bomba linateleza ndani ya bomba, na oili inalazimika kupenya kwenye matundu madogo.

Matundu hayo yana tabia moja ambayo ukiielewa utaokoa fedha. Upinzani wa oili huongezeka haraka kuliko kasi inavyoongezeka. Shokapu ikizama polepole, kama wakati wa breki, oili hupita bila shida na kuzuia kidogo tu. Ikipigwa na jiwe au ukingo wa shimo, oili hukataa kupita na pigo linakuja mikononi mwako. Ndiyo sababu anayejaribu kuponya kuzama kwa mbele kwa kumwaga oili nzito hupata pikipiki inayozama bado, na juu ya hapo inarukaruka kwenye kona yenye mawimbi. Kuzama ni kazi ya springi na kiasi cha oili. Uzito wa oili ni wa kutuliza mrejesho.

Ukaguzi kabla ya kurekebisha chochote

Pikipiki yenye kifaa kibovu hairekebishiki. Fuata mpangilio huu, kwa sababu makosa ya mwanzo hujifanya kuwa makosa ya mwisho.

1. Upepo. Pima tairi zikiwa baridi. Kiwango kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki au kibandiko kilichopo ubavuni karibu na mnyororo, na mara nyingi kuna namba ya dereva peke yake na namba ya dereva na abiria. Tairi la mbele likiwa na upepo mdogo, usukani huwa mzito na kufanana kabisa na ugonjwa wa shokapu. Madereva kadhaa wamebadilishiwa springi kwa kosa ambalo pampu ingelimaliza.

2. Umbo la tairi. Tairi lililolika likawa bapa katikati husita kulala, halafu huanguka ndani ghafla. Hakuna shokapu itakayolirekebisha.

3. Koni za usukani. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa na mwenzako akandamize nyuma hadi gurudumu la mbele lining'inie. Zungusha usukani taratibu toka kushoto hadi kulia. Ukihisi unakwama kidogo katikati, kama unaingia kwenye kijishimo, golori zimechimba bakuli zake na koni zibadilishwe. Usukani ukiwa mzito mwendo wote, koni zimekazwa kupita kiasi, na pikipiki itayumba kwa mwendo mdogo.

4. Mchezo wa mbele. Gurudumu likiwa bado linaning'inia, shika shokapu kwa chini, mkono mmoja kila upande, vuta na sukuma. Mwenzako aweke kidole mahali fremu inapokutana na kibanio cha chini kinachoshika bomba za shokapu. Mchezo ukisikika hapo, koni zimelegea. Ukisikika pale bomba la kung'aa linapoingia kwenye mguu wa shokapu, bushi zimelika. Dereva huita yote mawili "mbele inagonga", lakini dawa zake hazifanani.

5. Sili na bomba. Vua raba za vumbi kama zipo. Pitisha kidole kwenye bomba la kung'aa. Oili mbichi inamaanisha sili imekatika. Mkwaruzo unaonasa ukucha utaikata na sili mpya. Oili hiyo ikishuka kwenye diski au kuingia kwenye ngoma ya breki, umepoteza breki ya mbele. Usisubiri mwisho wa wiki.

6. Gurudumu la nyuma. Hesabu alama za kurekebishia mnyororo kulia na kushoto. Zikitofautiana, pikipiki huenda upande na kona za kulia huwa tofauti na za kushoto.

7. Shokapu zilizojisokota. Simama mbele ya pikipiki, bana gurudumu katikati ya magoti na utazame usukani. Gurudumu likitazama mbele na usukani ukitazama pembeni, shokapu zimejisokota kwenye vibanio, jambo la kawaida baada ya kuanguka hata kidogo.

Kosa la mwisho lina tiba rahisi iwapo hakuna kilichokunjika. Legeza bolti za kibanio cha chini, za kibanio cha juu, za madigadi na nati ya ekseli. Zilegee tu, zisitoke. Bana gurudumu kwa magoti, uunyooshe usukani kwa mikono, kisha kaza vibanio. Teremsha pikipiki chini, shika breki ya mbele na ukandamize mbele kwa nguvu mara kadhaa ili bomba mbili zijitafutie nafasi zake. Kisha kaza ekseli, na madigadi mwisho. Ukikaza ekseli kabla ya kukandamiza, miguu ya shokapu hubanwa ikiwa imepishana, nayo itasuguana na bomba kila inapocheza. Kwenye kona yenye matuta madogo tairi litaruka badala ya kufuata lami.

Kupima mzamo

Mzamo ni kiasi ambacho shokapu inashuka pikipiki ikiwa imebeba uzito wake wa kila siku. Bila namba hii unabahatisha.

1. Funga kamba ndogo ya plastiki ya kufungia nyaya kuzunguka bomba la kung'aa, juu kidogo ya sili. Ikaze kiasi cha kuteleza kwa kidole.
2. Ning'iniza gurudumu la mbele. Pima kutoka ukingo wa sili hadi chini ya kibanio cha chini. Andika A.
3. Teremsha pikipiki, isimame wima juu ya tairi zake bila mtu, ikandamize mara mbili na uiache itulie. Pima tena. Andika B.
4. Panda ukiwa na helmeti na mavazi ya kazi, miguu juu ya pedeli, mwenzako akiishikilia. Mtu wa tatu apime. Andika C.
5. Rudia hatua ya 4 ukiwa na abiria. Andika D.

A ukitoa B ni mzamo wa pikipiki tupu. A ukitoa C ni mzamo wako. Kwa barabara ya kawaida mzamo wako uwe kati ya asilimia 25 na 35 ya mwendo wote wa shokapu. Tuseme mwendo wote ni milimita 120, A ni 150 na C ni 112: umezama milimita 38, sawa na asilimia 32 hivi. Hiyo iache. Ukiona milimita 55, springi imechoka au umebeba kuliko ilivyokusudiwa. Mzamo wa pikipiki tupu ukiwa sifuri, kuna mtu amejaza vipande juu ya springi, na gurudumu haliwezi kushuka kufuata shimo. Linaelea juu yake, na kwenye kona tairi linaloelea halikushiki.

Sasa linganisha C na D, na upime pia nyuma kutoka ekseli hadi sehemu moja ya fremu iliyo juu yake, ukiwa peke yako na ukiwa na abiria. Kwenye pikipiki nyingi utakuta D haikutofautiana sana na C, huku nyuma ikiwa imeshuka sana.

Anzia nyuma

Shokapu za nyuma zina pete yenye ngazi, mara nyingi tano, chini au juu ya springi. Izungushe kwa spana ya ndoana. Kila ngazi huinua nyuma kidogo na kurudisha mwinamo wa mbele karibu na ulipokusudiwa na kiwanda.

- Pande zote mbili ziwe ngazi moja. Hesabu kwa kidole, usikadirie kwa macho.
- Ukiendesha peke yako siku nzima, ngazi ya kwanza au ya pili inatosha. Ukibeba abiria kutwa, panda hadi ya nne au ya tano.
- Ukishusha abiria na kurudi peke yako ngazi ikiwa juu, mbele itakuwa na mfuato mfupi na pikipiki itageuka upesi kuliko ulivyozoea. Kumbuka hilo kwenye kona ya kwanza ya kurudi.
- Pakia mzigo karibu na kiti, siyo ncha ya keria. Gunia lililo nyuma ya ekseli linainua mbele kwa nguvu ya wenzo, na kilo 20 hapo zina madhara kuliko kilo 20 juu ya kiti.
- Usining'inize mzigo kwenye usukani. Kila kilichofungwa pale kinageuka pamoja nao na kuendelea kusukuma baada ya wewe kuacha.

Mshikaki, yaani kubeba abiria wawili kwa pamoja, hauna ngazi ya kuurekebisha. Abiria wawili huimaliza springi ya nyuma, na hakuna marekebisho ya mbele yatakayorudisha uzito kwenye tairi la mbele. Sheria inaukataza, na hesabu ya mwinamo uliyoisoma hapo juu inakupa sababu nyingine ya kuukataa.

Kubadilisha oili ya shokapu

Oili ya shokapu husahaulika kwa sababu haionekani na haiwashi taa yoyote. Inachafuka kwa vumbi la chuma na unyevu, inakuwa nyepesi, na mbele inaanza kurudi juu kwa kishindo. Kama hujui ilibadilishwa lini, ibadilishe.

1. Inua pikipiki kwa stendi kubwa, weka boksi imara chini ya injini. Kabla ya kuchomoa chochote, legeza bolti ya kibanio cha juu, kisha legeza kifuniko cha shokapu robo mzunguko. Mguu ukishatoka, kukilegeza ni kazi ngumu.
2. Toa gurudumu na madigadi. Kama breki ni ya ngoma, kumbuka jinsi mfereji wa sahani ya breki ulivyokaa kwenye kijino cha mguu wa shokapu.
3. Legeza kibanio cha chini na uteremshe mguu kwa kuuzungusha taratibu. Fanya mguu mmoja kwa wakati, ili mwingine ukuonyeshe ulivyokuwa.
4. Fungua kifuniko uso ukiwa mbali. Springi inakisukuma. Kwenye pikipiki nyingine kifuniko hushikwa na pete ya chuma ndani ya bomba: kikandamize kwa kitambaa, toa pete, uachie polepole.
5. Toa springi. Angalia ncha yenye mizunguko iliyobanana ilielekea wapi. Pindua mguu juu ya chombo na uupampu mara kumi au zaidi hadi ukauke. Oili chafu usiimwage chini; ipeleke gereji wanakokusanya.
6. Simamisha springi mbili sambamba mezani. Zikitofautiana urefu, au zikiwa fupi kuliko kipimo cha kitabu, nunua jozi. Usibadilishe moja.
7. Bomba likiwa tupu, lisukume hadi mwisho na upime mwendo wote. Hii ndiyo namba unayohitaji kwa hesabu ya mzamo.
8. Mimina kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu kwa kila mguu. Pampu taratibu hadi povu liishe, kisha bomba likiwa limesukumwa hadi chini na springi ikiwa nje, pima kutoka ukingo wa juu wa bomba hadi uso wa oili. Miguu miwili isitofautiane zaidi ya milimita 2.
9. Rudisha springi na kifuniko. Ingiza mguu hadi urefu uleule, kaza kibanio cha chini, kaza kifuniko, halafu kibanio cha juu. Pima bomba zote mbili kwa rula juu ya kibanio: ziwe sawa.
10. Rudisha gurudumu, kandamiza mbele mara kadhaa, kaza ekseli.

ONYO KUBWA. Mfereji wa sahani ya breki lazima uingie kwenye kijino cha mguu wa shokapu. Usipoingia, ukishika breki sahani nzima inazunguka na gurudumu la mbele linafunga. Kagua kwa macho, kisha sukuma pikipiki kwa mkono na ushike breki kabla hujaipanda.

Kuhusu uzito wa oili: kama kitabu hakipo, 10W ni mahali pazuri pa kuanzia kwa pikipiki za kazi. Anayebeba abiria kutwa anaweza kwenda 15W, asizidi hapo. Oili ya gia otomatiki hukaribia uzito wa 10W, na Honda iliitaja kwenye vitabu vya baadhi ya pikipiki zake za zamani, kwa hiyo si kosa iwapo ya shokapu haipatikani mjini kwenu. Oili ya injini ni kosa. 20W-50 ni nzito mno kwa matundu yale na haikutengenezwa kupampuliwa namna hiyo. Ukimwona fundi akichukua kopo la injini, mwombe asubiri ulete ya shokapu.

Kuongeza oili kidogo juu ya kipimo hupunguza hewa iliyobaki juu yake, na hewa hiyo ni springi ya pili inayokuwa ngumu kadiri shokapu inavyozama. Kupandisha uso wa oili kwa milimita 5 hadi 10 husaidia mbele inayogonga mwisho ukishika breki, bila kuharibu ulaini wa mwanzo. Kuijaza hadi juu husukuma sili itoke.

Vipande vya kuongezea juu ya springi

Fundi mwingine atakuwekea washa au kipande cha bomba chini ya kifuniko na kukuambia springi imekuwa ngumu. Haikuwa ngumu. Imeanza kazi ikiwa imebanwa, na kwa hiyo mbele imekaa juu zaidi. Hilo linafaa iwapo mzamo wako umezidi kidogo: kipande cha milimita 5 hadi 10, kilichokatwa sawasawa, kimoja kila upande. Ukiongeza kikubwa, mizunguko ya springi hugusana kabla shokapu haijafika mwisho, na kwenye shimo kubwa mbele inakuwa nondo. Springi iliyochoka haitaki kipande. Inataka jozi mpya.

Kupandisha bomba kwenye vibanio

Jaribu hili mwisho, na kwenye pikipiki ambayo kibanio cha juu kinalibana bomba kwa bolti ya pembeni tu. Kama bolti ya juu imepita kwenye kibanio na kulishika bomba, urefu umepangwa na kiwanda, uache.

Bomba likichomoza juu kidogo, mbele inashuka na pikipiki inageuka kwa wepesi. Nenda milimita 3 hadi 5 kwa mara moja, na usizidi 10. Kila mara kandamiza mbele hadi mwisho na uhakikishe tairi na madigadi havigusi kibanio, nyaya wala taa. Ukisikia usukani unatikisika kwa kasi, rudisha ulipotoka siku hiyohiyo.

Jaribio barabarani

Chagua kipande cha barabara unachokijua, kisicho na magari mengi, chenye kona ya kulia na ya kushoto unazoweza kuzipita kwa kilomita 40 kwa saa. Badilisha jambo moja, pita pale mara mbili peke yako, rudi na abiria, andika. Anayebadilisha oili, ngazi za nyuma na upepo kwa siku moja hatajua kipi kilimsaidia.

Ukirudi, itazame kamba ya plastiki kwenye bomba. Imesukumwa hadi karibu na mwisho kwa breki ya kawaida? Oili ni kidogo au springi imechoka. Haikuvuka hata nusu baada ya mashimo? Mbele ni ngumu mno au shokapu zinasuguana.

| Unachohisi kwenye kona | Anza kukagua |
|---|---|
| Nzito kuingia, inataka kwenda nje | Upepo wa mbele, ngazi za nyuma, mahali pa mzigo, koni zilizokazwa mno |
| Inaanguka ndani ghafla | Tairi bapa, springi za mbele zilizochoka, bomba lililochomoza mno |
| Mbele inarukaruka katikati ya kona | Oili nzito au chakavu, upepo uliozidi, ekseli iliyokazwa vibaya |
| Inagonga ukishika breki | Koni zilizolegea, bushi, oili iliyopungua |
| Kulia si kama kushoto | Shokapu zilizojisokota, bomba zisizo sawa kwa urefu, gurudumu la nyuma |

Mikono yako pia ni sehemu ya shokapu

Madereva wengi huogopa breki ya mbele na kutegemea ya nyuma peke yake. Nawaelewa: mbele inayozama kwa kishindo inatisha. Lakini wakati wa kusimama uzito uko mbele, na tairi la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha. Shokapu zikishakaa sawa, jifunze upya kwa utaratibu huu.

1. Maliza sehemu kubwa ya breki pikipiki ikiwa wima, kabla ya kona. Ishike kwa kuibana hatua kwa hatua, mbele izame taratibu.
2. Iachie taratibu unapoanza kulala, mbele isiruke.
3. Pita kona ukiwa na mafuta kidogo, ya kutosha tu mwendo usipungue. Mbele hukaa urefu mmoja na mfuato haubadiliki.
4. Usiikabe breki ya mbele ukiwa umelala. Kwenye lami pikipiki hunyooka na kukutoa nje ya kona. Kwenye kokoto au vumbi tairi huteleza kabla hujajua.
5. Ukishuka mlima, shokapu zimezama muda wote kwa sababu uzito uko mbele na breki inafanya kazi. Usukani utakuwa mwepesi kuliko wakati wa kupanda. Tumia gia ndogo ili injini izuie, uipunguzie mbele mzigo.

Ukianguka

Hata kama pikipiki imewaka na inakwenda, rudia hatua ya 3 hadi ya 7 za ukaguzi kabla ya kupakia mtu. Ukishuku bomba limekunjika, lichomoe, livingirishe juu ya kioo kinene na utazame mwanga chini yake. Mwanga unaopanda na kushuka ni bomba lililopinda. Wapo watakaokuambia linaweza kuchomwa moto na kunyooshwa. Chuma kilichopashwa namna hiyo kimepoteza ugumu wake na ung'avu unaoilinda sili umeshapasuka, kwa hiyo nunua jipya, na kabla ya kulirudisha vikague vibanio vyote viwili kwa rula iliyonyooka, maana pigo lililokunja bomba limepitia hapo.